Maabara ya Kutazama Projekta Si Maabara

Wasee, hebu tuongee ukweli kuhusu hizi praktikali za mitandao ya kompyuta huko kampasi.

Ratiba inasema masaa matatu ya maabara. Ukifika, mko watu hamsini, rauta ni mbili, na moja ilikufa zamani. Mhadhiri anaunganisha kila kitu mwenyewe, wewe unapiga picha ya projekta na simu. Jioni unaandika ripoti: "Tuliunganisha rauta na swichi." Tuliunganisha nani na nani?

Matokeo yake tunayajua. Mtu anakutajia tabaka zote 7 za OSI kama anasali rozari, lakini mpe kompyuta yenye anwani inaanza na 169.254, anaitazama tu. Na hiyo namba inaongea! Inamaanisha kompyuta iliomba anwani kwa DHCP, ikakosa jibu, ikajipa yake. Sasa unaanza kufuatilia: kebo imeingia vizuri? Taa ya swichi inawaka? Poti iko kwa VLAN gani? Seva ya DHCP iko hai? Huku kufuatilia haukukariri popote. Unakupata ukihangaika na mashine mbele yako.

Kuna wanaosema Packet Tracer inatosha. Mimi naipenda sana hiyo programu. Cisco wanaitoa bure, unajenga mtandao wa kampuni nzima ukiwa kitandani. Lakini humo ndani panya hajawahi kula kebo.

Chukua kitu kidogo kama kubana RJ45. Kebo ina nyaya 8, jozi 4. Kwa mpangilio wa T568B, jozi ya kijani inakaa nafasi ya 3 na ya 6, na ya bluu inakaa katikati, 4 na 5. Inaonekana ujinga, so mtu anapanga kijani pamoja, bluu pamoja, juu inapendeza macho. Pande zote mbili anafanya hivyo hivyo. Testa ya bei rahisi inawasha taa zote 8, anafurahi. Kumbe jozi imegawanyika, mawimbi yanaingiliana, na intaneti inatambaa ama inakatika-katika. Hilo kosa hutalipata kwa Packet Tracer. Utalipata kwa mikono yako, siku unaapa kebo ni nzima na bado haifanyi kazi.

Ndio maana fundi wa WiFi wa mtaani, yule wa Kayole ama Githurai mwenye ngazi begani, mara nyingi anamshinda mwenye digrii wiki ya kwanza kazini. Stima ikirudi na intaneti isirudi, yeye ndiye anapigiwa simu na ploti nzima. Amezoea kutafuta.

Lakini msinielewe vibaya, nadharia ina kazi yake. Unakuta fundi ameweka wateja wote kwa mtandao mmoja bila kuugawa. Mpangaji mmoja anachomeka rauta yake kinyume, inaanza kugawia majirani anwani, jengo lote linazima. Fundi anazunguka mlango kwa mlango siku nzima. Mtu aliyesoma VLAN na DHCP snooping angezuia hiyo kwenye swichi kabla haijatokea. Chuo ndiyo mahali hawa watu wawili walifaa kuwa mtu mmoja, na hiyo ndiyo inaniuma.

Mimi ningebadilisha mtihani kwanza. Mhadhiri auharibu mtandao makusudi: abane kebo moja vibaya, aweke poti kwa VLAN isiyofaa, azime DHCP. Mwanafunzi aingie peke yake, nusu saa, atafute. Alama ziende kwa jinsi alivyotafuta. Na hii hadithi ya bajeti sitaki kuisikia, juu swichi ya miaka kumi ambayo ofisi imetupa stoo bado inafundisha VLAN poa kabisa.

Najua kuna wa kuniambia, "Wewe si uliacha chuo, unaongea kama nani?" Naongea kama mtu aliyelipa pesa ya maabara kabla ya kuacha.

Wewe bado uko. Angalia orodha yako ya karo. Kama pesa ya maabara iko hapo, mwambie klasrep amuulize mkuu wa idara kwa maandishi, semesta hii: kila mmoja wetu atashika rauta lini, na kwa dakika ngapi?