Nzi Mmoja, Majina Mawili

Leo naomba tuongee juu ya nzi. Msifunge ukurasa! Mambo ya kompyuta yatakuja yenyewe.

Kila mwenye mwembe hapa Malindi anaujua ugonjwa huu: ngowe linang'aa kwa nje, ukilipasua unakuta funza. Tunasema "nzi wa matunda" na kuishia hapo. Lakini jina hilo limebeba wadudu wengi. Wale wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi ni wa jenasi ya Drosophila, na hufuata tunda linaloanza kuchacha. Anayemtia mkulima hasara ni wa familia nyingine kabisa, Tephritidae. Huyu hutoboa tunda likiwa bado mtini na kutaga mayai ndani.

Sasa kisa chenyewe. Mwaka 2003 alionekana katika pwani ya Kenya nzi wa jenasi ya Bactrocera ambaye hakuwa amewahi kurekodiwa Afrika. Asili yake ni Asia. Rangi ya mgongo wake iliwatatiza wataalamu, maana ilibadilika kutoka mmoja hadi mwingine, mweusi hadi kahawia nyekundu. Mwaka 2005 Drew, Tsuruta na White wakampa jina jipya, Bactrocera invadens, yaani mvamizi. Jina lilimfaa, kwani ndani ya miaka michache alikuwa ameshaenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara.

Baadaye watafiti walimlinganisha na Bactrocera dorsalis, nzi maarufu wa Asia. Wakapima maumbo, wakasoma vinasaba, wakawaweka pamoja ili kuona kama watazaana. Walizaana bila shida. Mwaka 2015 kundi kubwa la wanasayansi likatangaza kwamba invadens na dorsalis ni spishi moja. Jina la papayae nalo likaingizwa humo humo. Carambolae akaachwa peke yake, kwa sababu ushahidi wake ulikuwa tofauti.

Wapo watakaouliza, mkulima wa Magarini inamhusu nini? Embe likioza limeoza, nzi aitwe Juma au Hamisi. Mimi nasema inamhusu sana. Uainishaji ni ramani ya nani ni ndugu ya nani, na ndugu hufanana tabia. Dume wa dorsalis huvutwa na chambo cha methili eujenoli. Ceratitis cosyra, nzi wa maembe mwenye asili ya Afrika, hana habari na chambo hicho. Ukitundika mtego wa aina hiyo ukaukuta mtupu, hujathibitisha kwamba shamba lako ni salama.

Mfano mwingine ni nyigu mdogo Fopius arisanus, anayetaga ndani ya mayai ya nzi. Aliwahi kupunguza dorsalis huko Hawaii. Mwaka 2006 kituo cha ICIPE cha Nairobi kilimleta Kenya kupambana na invadens. Jina lilikuwa bado halijasahihishwa, lakini undugu wa nzi hao wawili ulikuwa tayari unaonyesha njia. Na hasara si ya kuchezea: mwaka 2014 Kenya ilisimamisha kupeleka maembe Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na biashara hiyo ikaanza tena mwaka 2021.

Hapa ndipo sisi waandishi wa programu tunapoingia. Tafiti nyingi za Afrika za kati ya 2005 na 2015 zimeandikwa kwa jina la invadens. Ukijenga programu ya kilimo inayotafuta dorsalis peke yake, unamficha mkulima maarifa yaliyokusanywa kwenye mashamba yanayofanana na lake. Jina la spishi lisiwe ndiyo ufunguo wa hifadhidata. Mpe kila spishi namba isiyobadilika, kisha majina yote, ya zamani na mapya, yaelekeze kwenye namba hiyo pamoja na mwaka wa kila badiliko. Usifute jina la zamani hata kama limekufa.

Kuunganisha, hata hivyo, ni kazi rahisi. Kazi ni kugawa. Mwaka 2016 Ceratitis rosa aligawanywa, akapatikana Ceratitis quilicii, anayependelea nyanda za juu zenye baridi, huku rosa mwenyewe akibaki wa sehemu za joto kama pwani yetu. Sasa rekodi ya mwaka 2008 iliyoandikwa "rosa" ni ya yupi? Hakuna msimbo utakaokujibu. Mahali alipokamatwa patakupa dokezo, lakini jibu la uhakika litatoka kwa nzi mwenyewe, kama alihifadhiwa kwenye spiriti na karatasi yake inasomeka.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Fedha zikitolewa kwa mifumo ya kidijitali ya kilimo, sehemu yake iende kwenye makabati ya sampuli na kwa watu wanaojua kuzisoma. Hifadhidata ikiharibika tunaweza kuijenga upya kutoka kwenye sampuli. Sampuli zikitupwa, hakuna programu itakayozirudisha.

Mnaonaje, hasa nyinyi wenye miembe? Karibuni kwa maoni.