Watoto Wamekua

Birmingham, Uingereza

Ndugu zangu wa Tanga,



Nimetoka zamu jioni hii, na kuna bwana mmoja wa miaka 52 hanitoki akilini. Ana sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi: kohozi huwa zito kama gundi, mapafu huziba, na kongosho hushindwa kusaidia kusaga mafuta. Jasho la wagonjwa hawa lina chumvi nyingi hata mama huionja akimbusu mwanawe. Zamani wengi walizikwa kabla ya kuanza shule. Huyu bwana leo kaniuliza habari za pensheni. Utotoni aliambiwa miaka 20 hataiona, basi hakuweka akiba hata senti.

Jeni ya ugonjwa huu iligunduliwa mwaka 1989. Mwaka 2020 hospitali za huku zikaanza kutoa Kaftrio, vidonge vinavyorekebisha hitilafu ndani ya seli. Sasa wagonjwa wa Uingereza ni zaidi ya 10,000, na zaidi ya nusu ni watu wazima. Kliniki zinawapokea kina mama wajawazito, wenye kisukari kilichotokana na kongosho hilohilo, na wanaohitaji kupimwa mapema saratani ya utumbo mpana. Na takriban mmoja kati ya 10 vidonge havimfai, kwa kuwa hitilafu ya jeni yake ni tofauti. Weusi na Waasia huangukia humo zaidi.

Mtauliza, hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa selimundu, ugonjwa mwingine wa kurithi ambao watoto wake nao sasa wanakua. Hospitali ya Muhimbili ilianza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa wake kwa karibu, dawa zimeongezeka, na watoto tuliowakatia tamaa wanaota ndevu. Lakini mpwa wangu alipofika miaka 18 aliambiwa kliniki ya watoto basi. Tangu hapo, maumivu yakimshika hupanga foleni na kila mtu, humweleza kila daktari mpya ugonjwa wake tangu mwanzo, na wapo wanaodhani anatafuta sindano za kutuliza maumivu tu.

Kwa hiyo kwenye vikao vyenu, na diwani akija kuomba kura, ulizeni: kliniki ya selimundu ya watu wazima iko wapi, na nani anamkabidhi kijana kutoka kliniki ya watoto kwenda hiyo, na faili lake mkononi?

Mpwa wangu ameomba chuo cha ualimu. Mwalimu hustaafu na miaka 60. Tumhesabieni hadi huko.

Ni mimi ndugu yenu,
muuguzi