Watoto wadogo kwenye tamasha za vakansi: hatari kubwa iko mlangoni, si jukwaani

Kila mara shule zinapofunga, wazazi wa Ntoto na vijiji vingine vya mpakani mwa Masisi na Walikale wanarudia swali lile lile: mtoto wa miaka mitatu ao minne aende na wakubwa wake kwenye tamasha, ao abaki nyumbani? Wengine wanajibu haraka: "Batoto nabo baone kitu, mwaka muzima wanasikia masasi tu." Wengine wanasema mtoto mdogo hana kazi katikati ya watu wengi.

Katika nchi tajiri, familia hununua tikiti ili watoto waone wachezaji wakiteleza juu ya barafu huku muziki unapigwa. Hata Nairobi, hoteli ya Panari ilifungua kiwanja cha barafu mwaka 2005. Ntoto hakuna barafu. Kuna teatre ya Noeli kanisani, ngoma za kienyeji, mashindano ya kuimba, mechi ya mpira, na sinema ya video pale ambapo mtu ana grupu na mafuta. Lakini shida ya mzazi ni moja, awe anaenda kuona barafu ao ngoma: namna gani mtoto ataingia, na namna gani atatoka.

Kufurahi ni haki ya mtoto

Kwanza, tamasha si anasa. Kifungu cha 31 cha Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za mtoto kinasema mtoto ana haki ya kupumzika, kucheza na kushiriki katika mambo ya utamaduni. Nchi yetu ilikubali mapatano hayo mwaka 1990, na sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto ilikuja kuyatia nguvu.

Kivu Kaskazini inajua thamani ya jambo hilo. Festival Amani ya Goma ilipangwa kufanyika mwaka 2013, vita ikailazimisha kungoja. Ilipofunguliwa mwezi wa Februari 2014 katika uwanja wa Collège Mwanga, watu walijaa kwa sababu walikuwa na njaa ya kukutana bila kukimbia. Tangu mji wa Goma uingie mikononi mwa AFC/M23 mwezi wa Januari 2025, kusafirisha watoto kutoka ndani ya Masisi na Walikale kwenda mjini kwa ajili ya sherehe tu si jambo ambalo mzazi anaamua hivi hivi. Kwa hiyo sherehe za vijijini ndizo zinabaki, na ndizo zinapaswa kupangwa vizuri.

Mambo yaliyotokea kwingine

Mifano iko karibu na bado inauma. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, watu walikusanyika Freedom City, Kampala, kuaga mwaka. Walitoka nje kutazama fataki, kisha msongamano ukatokea. Watu wasiopungua 9 walikufa, na wengi wao walikuwa watoto na vijana.

Ibadan, Nigeria, tarehe 18 Desemba 2024, sherehe ya vakansi iliandaliwa kwa ajili ya watoto wenyewe, katika uwanja wa shule, na zawadi zilitangazwa. Familia zilifika mapema sana, zikasongamana mlangoni kabla ya sherehe kuanza. Watoto 35 walikufa. Kinshasa nayo ina yake: tarehe 29 Oktoba 2022, watu 11 walikufa siku ya tamasha la Fally Ipupa kwenye uwanja wa Martyrs, na mwezi wa Julai 2024 wengine walikufa pale pale kwenye tamasha la nyimbo za injili la Mike Kalambay.

Ukitazama vizuri, hakuna mahali ambapo muziki ndio uliua. Hata neno la Mungu halikuzuia. Kilichoua ni watu wengi kutaka kupita mahali padogo kwa dakika moja.

Kwa nini mtoto anaanza kuumia

Wengi wanadhani watu hufa kwa kukanyagwa tu. Kumbe mara nyingi mtu anakufa akiwa bado amesimama: kifua kinabanwa mpaka hawezi kuvuta pumzi. Mtoto wa miaka minne kichwa chake kiko kwenye kiuno cha wakubwa. Haonekani, sauti yake haisikiki, na hewa pale chini ni kidogo.

Wataalamu wa misongamano wanasema hatari inaanza pale watu 5 ao zaidi wanaposimama kwenye mita moja ya mraba. Hapo mtu hatembei tena kwa mapenzi yake, anabebwa na wengine. Hata baba mwenye nguvu hawezi kushika mkono wa mtoto.

Hesabu ya uwanja wa shule

Direkta wa shule, katekista ao chefu wa kijiji anayepanga sherehe hana lazima ya mashine. Apime kwa hatua. Uwanja wa mita 20 kwa mita 20 ni mita za mraba 400. Akikubali watu 2 tu kwa kila mita, basi ni watu 800, na hapo aondoe sehemu ya jukwaa. Wakifika hao, anafunga kuingiza, hata kama waliobaki nje ni ndugu zake.

Halafu ahesabu mlango. Mlango wa upana wa mita 1 hupitisha watu karibu 80 kwa dakika, kama wanatembea bila kusukumana. Watu 800 wanahitaji dakika 10. Milango miwili inapunguza muda huo mpaka dakika 5. Uwanja uliozungushiwa ua wa miti wenye tundu moja unaonekana salama kwa sababu unazuia wasiolipa. Lakini siku mtu akipiga kelele "bombi!", ua huo unageuka mtego. Afadhali kupoteza franga kidogo kwa wanaoingia bure kuliko kukosa njia ya pili ya kutokea.

Kuna pia jambo la zawadi. Biskuti, madaftari ao nguo zikigawiwa mlangoni ao kutupwa kutoka jukwaani, watoto watagombana. Zigawiwe wakiwa wamekaa chini, safu kwa safu, na idadi yake isitangazwe kama mashindano ya kuwahi.

Ntoto na historia ya mkusanyiko

Ntoto mkusanyiko wa watu si neno jepesi. Tarehe 20 Machi 1993 watu waliuawa sokoni Ntoto, na mauaji yakaenea Masisi na Walikale. Waliokuwa watoto wakati ule leo ni wazazi, na baadhi yao mpaka leo wakiona watu wengi pamoja wanatafuta kwanza njia ya kukimbilia. Huo si woga wa bure.

Kwa sababu hiyo, sherehe ya watoto Ntoto ina uzito kuliko ya mjini. Ikipangwa na jamii moja kwa watoto wake tu, inafundisha watoto ukuta. Ikipangwa na kamati ya makanisa yote, shule zote na wazazi wa kila jamii, watoto wanakaa kwenye busati moja na wazazi wao wanalazimika kuongea. Lakini amani hiyo inahitaji sharti gumu: mtu yeyote mwenye silaha, wa upande wowote, abaki mbali na uwanja. Na siku ya sherehe ikifika huku masasi yanasikika jirani, iahirishwe bila aibu.

Kabla watoto hawajaingia, watu wazima watembee uwanja mzima. Mahali palipopita vita, kitu cha chuma kinachong'aa kwenye majani kinaweza kuwa gurunedi. Hakiguswi. Kinawekewa alama, na wakuu wanaitwa.

Mzazi naye afanye nini

Sherehe ya watoto iwe mchana, iishe kabla ya giza. Mtoto wa chini ya miaka mitano awe na mkubwa wake mmoja wa kumshika, si kaka wa miaka minane. Wakae pembeni karibu na njia ya kutokea, mbali na bafle, maana masikio ya mtoto yanaharibika na hayaponi. Wapatane mapema watakutana wapi wakipotezana: chini ya mti fulani, kwenye mlango wa kanisa. Mtoto afundishwe kutaja jina la mama na la kijiji.

Mwenye homa ao vipele abaki nyumbani. Surua inapita upesi katikati ya watoto wengi, na mpox, ambayo OMS iliitangaza kuwa dharura ya dunia tarehe 14 Agosti 2024, aina yake mpya ilianza kuenea ikitokea huku huku mashariki.

Mzazi akifika akakuta mlango ni mmoja na watu wanasukumana, arudi na mtoto wake. Atalia, ndiyo. Kesho atasahau, na sherehe nyingine itakuja.