Walimhukumu bila kumsikia



Ndugu zangu, kijana mmoja anayefuatilia darsa zetu amenitumia kipande cha video cha zamani. Ni mdahalo wa wagombea urais wa Marekani, chama cha Republican, Novemba 2011, mji wa Spartanburg, jimbo la South Carolina. Akaniuliza, "Sheikh, hili unalionaje?" Nimekitazama mara tatu, na nimeona nijibu hapa ili wengi wafaidike, inshaallah.

Kwanza kisa chenyewe. Tarehe 30 Septemba 2011, wiki sita kabla ya mdahalo ule, ndege isiyo na rubani ya Marekani ilimuua Anwar al-Awlaki huko Yemen. Huyu alizaliwa New Mexico, kwa hiyo alikuwa raia wa Marekani. Hakuwa ameshtakiwa kwa ugaidi katika mahakama yoyote ya Marekani. Basi mtangazaji akamuuliza Mitt Romney: je, inafaa Rais, kwa kauli yake peke yake, aamuru kuuawa kwa raia anayeshukiwa ugaidi? Romney akasema ndiyo, inafaa kabisa, kwa sababu mtu yule alijiunga na kundi lililotangaza vita. Newt Gingrich akaenda mbali zaidi. Alisema yule si mshukiwa, alishaonekana ana hatia. Alipoulizwa ni nani aliyemuona na hatia, akataja jopo lililoliangalia suala lake na kumpelekea Rais taarifa.

Ukumbi ukapiga makofi. Kumbuka, hawa walikuwa wanampinga Obama asubuhi na jioni, lakini katika hili walikubaliana naye.

Kabla hujaandika kwenye maoni kwamba sheikh anamtetea Awlaki, ngoja. Simtetei. Alitangaza waziwazi kwamba raia wa kawaida wa Marekani ni halali kuuawa, na hilo ni batili. Kumuua abiria aliyekaa ndani ya ndege na watoto wake si jihadi, hata aliyesema ajue Kiarabu na Kiingereza kwa ufasaha gani. Serikali ya Marekani ilisema pia kwamba alihusika katika jaribio la kulipua ndege iliyokuwa inakwenda Detroit siku ya Krismasi ya 2009. Huenda yote waliyomtuhumu ni kweli. Lakini neno "huenda" ndilo linalopelekwa kwa hakimu.

Mtume (S.A.W.) alipomtuma Sayyidna Ali (R.A.) kuwa kadhi, Ali alikuwa bado kijana na aliogopa kazi ile. Mtume akamuelekeza kwamba wakikaa mbele yake watu wawili wenye kesi, asihukumu mpaka amsikie wa pili kama alivyomsikia wa kwanza. Hadithi hii imo kwa Abu Daud na kwa Tirmidhi. Na unajua alitumwa wapi? Yemen. Nchi hiyohiyo.

Jopo la Gingrich lilimsikia mmoja.

Sasa tuwe waadilifu na kwao pia. Hoja yao ni kwamba ile ilikuwa vita, na katika vita humpi adui wito wa mahakama. Hoja hii ina uzito. Anayekujia na silaha, unajikinga naye. Lakini Awlaki hakuuawa kwa ghafla ya mapambano. Jina lake lilikuwa kwenye orodha kwa muda mrefu, hadi magazeti yakaandika. Baba yake, Nasser al-Awlaki, mtu aliyewahi kuwa waziri wa kilimo wa Yemen, alifungua kesi Washington mwaka 2010 akiomba mwanawe asiuawe bila sheria. Desemba ya mwaka huo jaji akaitupa kesi, akisema mzee hana haki kisheria ya kushtaki kwa niaba ya mwanawe, na kwamba jambo lenyewe si la mahakama kuamua. Lakini jaji huyohuyo aliuliza katika hukumu yake: inakuwaje serikali inahitaji idhini ya mahakama ili isikilize simu za raia aliye nje, lakini haihitaji idhini ili imuue?

Muda wa kusikiliza ulikuwepo. Ulipita karibu mwaka mzima.

Na wiki mbili baada ya baba kuuawa, tarehe 14 Oktoba, shambulio jingine hukohuko Yemen likamuua mwanawe, Abdulrahman, mzaliwa wa Denver, umri miaka 16. Alikuwa ametoka nyumbani kwa babu yake kwenda kumtafuta baba. Serikali ilisema hakuwa yeye aliyelengwa. Makofi ya Spartanburg yalipopigwa, mtoto huyu alishakufa karibu mwezi mzima.

Katika wagombea wa mwaka ule alikuwepo Ron Paul, mzee ambaye siasa zake nyingi sizifuati. Siku ileile Awlaki alipouawa alisimama akasema kwamba mtu huyu ni raia, hakushtakiwa, hakuhukumiwa. Ukweli huchukuliwa hata kwa usiyekubaliana naye.

Ila wote walizungumzia uraia. Kwetu sisi, haki ya kusikilizwa haitoki kwenye pasipoti. Khalid bin Walid (R.A.), pamoja na ukubwa wake, alipowaua watu wa Banu Jadhima kwa haraka, Mtume aliinua mikono akajitenga mbele ya Allah na kitendo kile, kisha akamtuma Ali apeleke fidia. Hakusema tulikuwa vitani.

Mwanangu uliyeuliza, pengine ulitaka niwalaumu Wamarekani tu. Mimi nimekumbuka msikiti mmoja nilikosoma nikiwa kijana. Viatu vya mtu vilipotea baada ya Adhuhuri. Kukawa na kijana mgeni amekaa kibarazani, akashikwa. Alikuwa anasema kitu lakini hakuna aliyetaka kusikia, kwa sababu kila mtu alishajua ni yeye. Mimi sikumpiga. Nilisema, "Mwacheni aonje." Alasiri mzee mmoja akaja na viatu vile mguuni, alivivaa kwa makosa akaenda navyo kwake. Tulipomtafuta yule kijana tumuombe radhi, tulikuta damu kidogo kwenye ngazi tu. Hatukujua hata jina lake, kwa kuwa hatukumuuliza.

Wallahu a'lam.