Kazi Ipande, Shingo Isishuke



Juma lililopita mjukuu wangu aliagizwa na mwalimu wake atengeneze mfano wa nyumba kwa karatasi ngumu. Baada ya Magharibi tulitandika mkeka, tukapanga mkasi, rula na gundi, nami nikajitia fundi. Kuta zikasimama, paa likakaa. Ilipoadhiniwa Isha niliinuka kwa shida, na katika rukuu mgongo wangu ulinidai saa nzima na ushei niliyokuwa nimeukunja.

Najua si mimi peke yangu. Akina mama wengi siku hizi hukesha na watoto wao kwa kazi kama hizi, wameinama sakafuni, taa iko nyuma yao. Asubuhi mtoto hubeba kazi nzuri, mama akabaki na shingo isiyogeuka.

Dawa yake tuliiona chuoni tangu utotoni. Msahafu huwekwa juu ya marufaa. Kwanza ni heshima ya Kitabu, lakini shingo ya msomaji nayo hunufaika. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5, na kadiri kinavyoinama ndivyo misuli ya shingo inavyoelemewa.

Basi kazi na ihamie mezani. Meza ifikie kiwiko, mgongo uegemee kiti, nyayo zikanyage chini. Mtoto ambaye miguu yake inaning'inia awekewe kigoda. Kukata kwahitaji nguvu ya mkono, hivyo kibao cha kukatia kilale mezani. Kubandika vipande vidogo kwahitaji macho, hivyo inua kazi juu ya boksi, viwiko viegemee meza. Taa ikae kushoto kwa atumiaye mkono wa kulia, ili kivuli kisifunike mstari.

Asiyekuwa na meza akalie takia nene, nyonga ziwe juu kuliko magoti, aegemee ukuta, na mbele yake aweke boksi gumu.

Hata hivyo, mkao mzuri ukizidi muda hugeuka adhabu. Aketiye juu ya mbuzi anajua: nazi moja haina neno, nazi za harusi ndizo zitoazo kilio cha kiuno. Kila dakika 20 tazama mbali, kiasi cha mita 6, kwa sekunde 20. Na gundi inapokauka, simama ujinyooshe. Kabla ya kuondoka, rudisha nyembe mkebeni na ufunike. Mtoto atambaaye hachagui cha kushika.

Mwili ni amana, na mtoto huiga mkao wetu kabla ya kusikia maneno yetu. Usiku wa pili mimi na mjukuu wangu tulimalizia madirisha mezani. Isha ilipofika nilirukuu, na mgongo haukunidai kitu.

Wabillahi tawfiq.