Mto wa Kunyonyeshea

Baada ya kikao cha akina mama kanisani alitufuata mzazi mmoja mwenye mtoto wa wiki tatu. Mkononi alikuwa na mto uliopinda kama mwezi mchanga, zawadi ya wifi yake aliyeko Marekani. "Mama nesi," akatuuliza, "hiki ni cha kuvaa au cha kulalia?" Tulicheka naye, lakini swali lake lilikuwa zito.

Mto huo una historia yake. Mwaka 1989, katika jimbo la Colorado, mama mmoja aitwaye Susan Brown aliombwa na kituo cha kulelea watoto apeleke mito ya kuwaegemeza wale wasioweza kukaa wenyewe. Mto wa kawaida huteleza, na mtoto huanguka ubavu. Akabuni mto wa duara lililoachwa wazi upande mmoja, ukaitwa Boppy. Akina mama wakagundua kwamba ukivaliwa kiunoni unafaa pia kunyonyeshea.

Kwa nini unafaa? Wengi wetu tunaponyonyesha huinama kumfuata mtoto, na jioni mgongo unauma kama tumelima. Mto humwinua mtoto alifikie titi. Mama aliyejifungua kwa upasuaji hupata nafuu zaidi, kwa maana uzito wa mtoto haukai juu ya mshono.

Hata hivyo, usikimbilie dukani. Mto wa kitandani unatosha, na ukisafiri, kanga mbili zilizoviringishwa vizuri zinafanya kazi hiyo hiyo. Kwanza mweke mtoto titini: tumbo lake lielekee tumbo lako, kichwa na mwili vinyooke, mdomo uwe wazi sana, kidevu kiguse titi. Ndipo uingize mto chini ya mkono wako. Wanaoanza na mto kwanza mara nyingi huishia na chuchu zenye michubuko, maana mto ukiwa juu mno au chini mno mtoto huivuta chuchu. Na chupa usiiegemeze kwenye mto ukaondoka. Mtoto atapaliwa na wewe haupo.

Sasa turudi kwenye swali la kulalia. Shingo ya mtoto mchanga haina nguvu. Akilala kwenye kitu laini kilichoinuka, kidevu huangukia kifuani au pua huzama kwenye kitambaa, na hewa hukatika. Halii, wala hapigi teke. Mwezi Septemba 2021 kampuni ya Boppy yenyewe ilirudisha kutoka sokoni mito ipatayo milioni 3.3 ya aina nyingine, ile ya kumpumzishia mtoto, baada ya taarifa za vifo vya watoto 8. Mwaka 2024 Marekani ikapitisha kanuni za usalama za mito ya kunyonyeshea pia.

Mzazi wetu alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba huwa anamwacha alale humo wakati yeye anaosha vyombo. Hatukumgombeza, nani angemwambia? Tulimwonyesha: mtoto akishashiba na kucheua, alazwe chali, mahali tambarare na pagumu kiasi, bila mto wowote. Tukamwomba awaeleze vivyo hivyo mama mkwe na msichana wa kazi, kwa sababu mchana wao ndio wanaobaki na mtoto.