Soko la Wakulima Lisilo na Mkulima

Siku hizi Nairobi kila wikendi lazima kuwe na "soko la wakulima" mahali. Mahema meupe, jamaa na gitaa, mbwa kavaa sweta, na jamu ya embe ndani ya chupa iliyofungwa kamba ya katani. Wasee wanapiga picha na kuandika kwamba wanamuunga mkono mkulima. Mkulima yupi? Muulize aliye nyuma ya meza kama hiyo embe ni Ngowe au Apple, uone vile atatafuta jibu kwenye lebo.

Soko linaloitwa Wakulima tunalo tayari. Liko Barabara ya Haile Selassie, na sisi wote tunaliita Marikiti. Huko hakuna gitaa. Kuna mikokoteni, kuna matope mvua ikinyesha, na usipotoka njiani gunia la viazi litakutoa. Mama mboga wa mtaa wako huamka kabla ya jogoo kwenda kununua huko ndio wewe upate sukuma saa moja jioni. Lakini tukilitaja Marikiti, ni stori za uchafu na simu zilizoibwa. Lile la mahema tumeliita utamaduni, hili tumeliita kero.

Sisemi Marikiti ni mbinguni. Hata huko mkulima haonekani sana. Anayekuuzia mara nyingi ni broka, au amenunua kwa broka. Na hapo ndipo uchungu wenyewe ulipo. Maembe ya Makueni huiva karibu kwa wakati mmoja, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi hivi. Embe ikishaiva haingoji mtu, na broka anajua. Anafika na lori, anataja bei yake, na mwenye shamba anachagua: achukue hiyo bei, au aangalie matunda yakioza chini ya mwembe. Serikali ya kaunti ililiona hilo, ikafungua kiwanda cha kusindika embe pale Kalamba mwaka 2017. Vizuri. Lakini kiwanda kimoja hakiwezi kumeza embe za kaunti nzima.

Sasa mtu ananiambia eti kukausha na kuhifadhi vyakula ni fasheni mpya. Mpya kwa nani? Waluo wana aliya na omena. Wafugaji wa kaskazini wana nyirinyiri. Ukambani, majani ya kunde yanachemshwa kidogo, yanaanikwa mpaka ukiyashika yanavunjika, halafu yanawekwa kungoja kiangazi. Mombasa, achari ya embe inauzwa kwa vipakiti nje ya shule. Hii ilikuwa njia ya kuvuka miezi ya njaa, na haikuhitaji kamba ya katani. Kinachoniuma si bei ya ile chupa. Ni kwamba anayeinunua ndiye yule aliyeona aibu kupanda basi na mfuko wa kunde kavu aliopewa ushago.

Utaniambia unaishi bedsita, huna friji. Nyanya yako naye hakuwa na friji, na nyanya zake hazikuoza. Nunua embe mbichi msimu ukiwa umechacha, wakati zinauzwa bei ya kutupa. Kata vipande vyembamba, paka chumvi bila huruma, panda nazo juu kwa paa mnakoanika nguo. Tandaza kwenye sinia, funika na kipande cha neti nzi wasiweke kambi, na jioni uzirudishe ndani kabla ya umande (na kabla ya jirani). Baada ya siku kadhaa za jua kali zitakuwa zimekauka, zinakunjika bila kutoa maji. Pilipili, siki kidogo, chupa safi iliyokauka vizuri. Mimi sikumaliza chuo, lakini hata mimi naona hii hesabu inakubali.

Na kaunti ya jiji, inayokusanya ada kwa wauzaji wa Marikiti, ihakikishe basi wanasimama pakavu.

Wenye mahema waendelee na jamu yao, siwazuii. Walirudishe jina tu. Waite Bustani ya Wikendi, waite chochote. Jina la mkulima lina mwenyewe, na msimu huu mwenyewe yuko Makueni, amekaa chini ya mwembe, anasikiliza kama hilo lori linalopanda mlima ni la broka.